Chiriku wa Iringa Kapotelea Mbeya

Juzi nilimpeleka mgeni wa Bwana Shauri, yule afisa wa wilaya; mgeni mwenyewe mzungu mpenda ndege, msituni Mbeya. Domo langu! Nikajigamba kuwa chiriku wa kwetu Iringa na wa huku, ingawa wanafanana kama mapacha, nawatofautisha kwa sauti tu: wa kwetu hupandisha wimbo, wa huku huushusha.

Mara mluzi ukasikika kwenye mianzi, ukipanda.

“Wa Iringa huyo, bwana! Kapotea!”

Tukamnyatia. Nikaitenganisha mianzi kwa mbwembwe, nikakutana uso kwa uso na mama mkwe, ambaye kwa mila simtazami kabisa! Ameketi juu ya mzigo wa kuni, midomo kaichongoa, bado anapiga mluzi. Akajifunika kanga gubigubi.

“Huyu ndiye wa Iringa?” mzungu akauliza.

“Wa Mbeya, bwana,” nikajibu, nimeficha uso majanini. “Ndiye aliyemzaa mke wangu.”