Nilivyoliziba Jiwe Linalokula Moshi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, jua limewaka Batsinda, mtaa wa Kigali, mpaka mabati yanalia, Mzee Karoli aliponiita nije nitazame jiwe likila rangi. Usicheke. Nami nilicheka. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kijana wa umri huo hucheka kwanza, akauliza baadaye.

Sijazeeka kama unavyodhani. Mvi zimenijia mapema kama zilivyomjia baba yangu. Lakini wewe unaanza kazi ya ujenzi, na haya ni haki yako kuyasikia.

Mzee Karoli alikuwa fundi mkuu wa karakana yetu ndogo ya pave, yale matofali ya saruji ya kutandaza njiani. Alilelewa Karagwe, huko Tanzania, akarudi Rwanda mtu mzima, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kutushinda sote. Siku ile alikuwa ameweka pave mbili juani. Moja ya kawaida. Nyingine mpya, ambayo tabaka lake la juu, nene kama kidole tu, lilichanganywa na unga mweupe kutoka ng'ambo. Juu ya kila moja akadondosha ile dawa ya bluu ambayo mama zetu walitupaka vidonda vya kinywani, kisha tukarudi kazini. Saa tisa akaniita tena. Kwenye pave ya kawaida doa lilikuwa bado bluu. Kwenye ile mpya lilikuwa limefifia mpaka ikabidi niiname kulitafuta.

"Nani amefuta?" nikauliza.

"Jua," akasema. "Jua likiupiga unga huu, uchafu unaoligusa jiwe unavunjika. Hata ule wa moshi wa magari. Kinachobaki, mvua inakiosha."

Mwanangu, nilisimama pale nikasahau kufunga mdomo. Nilikuwa nimebeba mawe tangu utotoni, nikidhani nayajua. Kumbe kitu ninachokikanyaga kinaweza kufanya kazi kutwa nzima, bila moto, bila kelele, bila mtu wa kukisimamia! Nilirudi nyumbani nikamsimulia mke wangu mpaka akaniambia nile kwanza.

Sasa sikia upumbavu wangu.

Pave zile zilitandazwa kwa majaribio kwenye njia ya miguu kando ya barabara ya mlimani, ambako malori na pikipiki hupanda yakikohoa, na watoto wa shule ya msingi hupita humo humo. Injinia Diane, binti aliyesimamia jaribio, alitundika kwenye nguzo mashine mbili za kupima hewa, kwa urefu wa mtoto: moja penye pave mpya, nyingine mbele zaidi, penye njia ya zamani. Zikitofautiana, pave zingeendelea mpaka lango la shule. Zisipotofautiana, kazi imekufa.

Wiki ya pili, mashine bado hazijawashwa, tukaambiwa wageni wakubwa wanakuja Ijumaa. Mzee Karoli alikuwa Ndera, amekwenda kumzika shemeji yake. Nikaitazama njia: vumbi, tope, alama za viatu. Unatujua watu wa Kigali, mgeni akija tunafagia hata kivuli. Na ufundi wangu wa kwanza ulikuwa kupaka vanishi, ambayo hapa tunaiita verni, kwenye kuta za mawe za nyumba za watu. Kuuliza si ujinga, lakini mimi sikumwuliza mtu. Nilisugua, nikakausha, nikapaka verni kuanzia pave ya kwanza hadi ya mwisho, tena kwa mapenzi. Wageni wakanipa mkono mmoja mmoja. Nikavimba kichwa, wacha tu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mzee aliporudi mvua ilikuwa inanyesha na kila jiwe linang'aa kwa maji. Siku zilizofuata vumbi likaufunika mng'ao. Mwezi ukapita hivyo, ndipo siku ya Jumatatu Injinia Diane akaja karakana, uso umemshuka.

"Mzee, mashini zote mbili ziko zinasema kitu kimoja," alisema. "Hewa ni ile ile. Wakubwa wanasema unga haikuingia mule. Wanasema labda iliuzwa."

Unga ule ulikuwa ghali, na ufunguo wa stoo ulikuwa na mtu mmoja tu. Mzee Karoli hakujitetea. Alisema, "Nipe mpaka Ijumaa, binti yangu."

Mimi nilijua papo hapo. Moshi hauwezi kuligusa jiwe lililovaa verni. Nikanyamaza. Mke wangu alikuwa mjamzito, na niliona kazi inaniponyoka. Siku zile mafundi wenzangu wakaanza kumwita Mzee mwizi akigeuza mgongo, nami nachanganya zege pembeni yao, nasikia, nachanganya tu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sijawahi kuionja aibu kali kama ile.

Ijumaa wakubwa wakasimama njiani wakamzunguka Mzee. Mmoja akauliza ufunguo wa stoo alikuwa nao nani.

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Sauti ikanitoka kabla sijairuhusu. "Unga iko mule! Ni mimi nilipaka verni juu. Mzee hakuwepo. Nilitaka wageni waone vizuri." Kisha Kiswahili kikaniishia, nikamwomba msamaha kwa lugha ya mama yangu: "Mbabarira, Mzee. Mbabarira."

Injinia Diane akachutama, akakwaruza pave kwa ufunguo. Utando mwembamba ukainuka kama ngozi ya maziwa.

"Jiwe hili linapumua," Mzee aliniambia. "Wewe umeliziba pua."

Tukapewa mwezi mwingine. Wiki mbili nilipiga magoti kwenye njia ile na dawa ya kuondoa rangi na brashi ya waya, watoto wa shule wakinipita na kuniuliza nimeangusha nini. Nilipomaliza, nikadondosha dawa ya bluu, nikakaa kando yake sikuondoka. Jioni doa halikuwapo. Baada ya siku chache zile mashine mbili zikaanza kuachana. Si moshi wote unaoliwa, usije ukadanganywa; injinia mwenyewe alisema ni sehemu tu, na jiwe lazima lioshwe. Lakini sehemu ile haikuingia tena vifuani mwa watoto. Nililia, sikuficha. Pave zikafika lango la shule.

Siku tuliyoweka pave ya mwisho nikamwuliza Mzee kama hakunishuku kabisa.

"Nilijua tangu Jumanne," akasema. "Nilikwenda na dawa ya bluu, doa halikutoka, nikakwaruza. Na anayepaka vanishi hapa ni nani kama si wewe?"

"Mbona ulinyamaza, wakakuita mwizi?"

"Ningesema mimi, ungekuwa umekamatwa tu. Nilitaka useme mwenyewe."

"Na kama nisingesema?"

"Pave za watoto nisingeziacha zife. Ningesema jioni ile ile." Akafuta mwiko wake kwa kiganja. "Lakini jina langu nilikuachia siku tatu, nione utalifanyia nini."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, mwanangu. Jiwe lililokula rangi lilinishangaza. Mzee yule alinishangaza zaidi, na mpaka leo sijamaliza kushangaa.

Basi shika haya. Usikipambe kitu kabla hujajua kinafanyaje kazi, maana mapenzi yasiyouliza huharibu kama chuki. Na ukikosea, sema mapema. Kila siku unayonyamaza, kuna mtu mwingine anayebeba mzigo wako, na pengine anajua kuwa ni wako.

Mungu aibariki mikono yako, na kila utakachokitandaza kiwafae wapitao. Aufanye ulimi wako mwepesi kwa ukweli. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akupe mtu wa kukusubiri kama nilivyosubiriwa mimi.