Salvina na Vibarua wa Tumboni

Siku hizi mtu akikupa ng'ombe umtunze, mnaanza kwa kuulizana nani atapata nini. Zamani Marangu hilo halikuwa swali. Mwenye mifugo mingi kuliko mikono alimwekesha ndugu au jirani ng'ombe mmoja. Mlishaji alikunywa maziwa, akapata samadi ya migomba yake, na ndama walipozidi, mmoja akawa wake. Mwenye ng'ombe alikuja kumtazama mara moja moja, akakaribishwa mbege, pombe ya ndizi, akaenda zake. Lakini mlishaji akimkondesha ng'ombe, alinyang'anywa, na aibu hiyo ilikaa katika nyumba yake kama masizi ya jikoni.

Salvina, mama yake Evelyn, alikuwa miongoni mwa watu wa mwisho kuwekeshwa ng'ombe kwa namna hiyo. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya tisini. Biashara huria ilikuwa imekwisha kuingia, kahawa imekwisha kupoteza heshima, na mumewe Antoni ameitupa mibuni ya baba yake kwenda kuwabebea wageni mizigo mlimani. Sylvanus, kaka yake Antoni, alikuwa amehamia Shirimatunda, pembeni mwa mji wa Moshi, akiuza mitumba aliyoifuata Tarakea mpakani. Yeye ndiye aliyeleta mtamba mweusi mwenye utepe mweupe juu ya paji la uso. Salvina akamwita Sista, maana alifanana kabisa na masista wa parokia. Bibi Bernadetha, mama mkwe wake, alikataa kulitamka jina hilo kwa kuogopa dhambi, mpaka siku mtamba alipomkanyaga kidole. "Sista, mshenzi wewe!" alipiga kelele, na Jumamosi ile ile akaenda kuungama.

Kihamba cha Salvina, shamba la migomba lililozunguka nyumba, kilikuwa kimechoka. Mikungu ilitoka midogo, ndizi zenyewe kama vidole vya mtoto. Tangu Sista aingie bandani, migomba ilianza kunenepa shina, na Salvina, aliyeolewa hapo akitokea nyumba isiyokuwa hata na mbuzi, alianza kutembea sokoni kichwa juu. Kwa hiyo alimlisha ng'ombe yule kama anavyolishwa mzazi aliyetoka kujifungua.

Alimlisha mgomba. Aliangusha shina lililokwisha kuzaa, akalimenya, akalikatakata vipande vyeupe vilivyotoa maji, akanyunyizia magadi. Sista alikula, akanywa, akalala akicheua. Tumbo lilijaa likawa kama ngoma, lakini mgongo uliendelea kuchongoka. Jinsi mgongo ulivyozidi kuchongoka, ndivyo Salvina alivyozidi kukata mgomba.

Zamani hakuna aliyelisha mgomba peke yake. Kila ukoo ulikuwa na shamba la chini, tambarare, la mahindi na maharage, na wanawake walishuka asubuhi na kupanda jioni na mizigo ya nyasi kichwani, na baada ya mavuno wakabeba majani na maganda ya maharage yaliyopurwa. Shingo ziliuma. Ng'ombe wakanawiri. Halafu mashamba ya chini yakakatwa viwanja, yakauzwa kwa watu wasiojulikana babu zao, na wake wa siku hizi wakaona kubeba nyasi ni ushamba. Salvina hakuwa mvivu. Alifika tu wakati huko chini hakuna tena cha kubeba.

Sista alipopata mimba, mambo yalizidi. Mwezi wa Agosti Sylvanus alipanda kuja kumtazama ng'ombe wake. Alikuwa amevaa koti la sufi ambalo mwenyewe wa kwanza bila shaka aliishi kwenye theluji.

"Shikamoo, shemeji," Salvina alisema.

"Marahaba. Huyu ndiye niliyemleta, au mmebadilisha?"

"Ni yeye, shemeji. Ana mimba."

"Mimba? Mimi naona mbavu. Mama Evelyn, hapa naweza kutundika mashati yangu yote."

"Anakula, shemeji. Tazama tumbo."

"Tumbo! Hata puto lina tumbo." Sylvanus aliupapasa uti wa mgongo wa Sista, akajifuta mkono. "Nakuheshimu, wewe ni mke wa mdogo wangu. Lakini Krismasi nitakuja. Nikimkuta hivi namhamisha. Yuko mama mmoja huko juu anamtaka."

Salvina alikaribisha mbege, shemeji akanywa nusu kata, akashuka. Bibi Bernadetha alikuwa amesikia kila neno akiwa jikoni. "Yeleuwi," alisema. "Kunyang'anywa ng'ombe Krismasi, ukoo mzima upo nyumbani unatazama!"

Jumapili baada ya misa, bwana mifugo wa kata, kijana aitwaye Ronald, alisimama nje ya kanisa akawahutubia wafugaji wa kuku. Salvina hakuwa na kuku wa kuhutubiwa, lakini alisimama. Ronald alisema kwamba kuku anayekula pumba tupu hatagi, kwa sababu hana protini. Dawa yake ni dagaa. Alisema dagaa mara nyingi sana, na kila aliposema, Salvina aliuona mgongo wa Sista.

Siku ya soko alinunua dagaa, akawatwanga kwenye kinu, akachanganya na mgomba. Akamwita mama mkwe aje ashuhudie. Sista aliinama, akanusa, akarudi nyuma hatua mbili, kisha akapiga chafya moja iliyompaka Bibi Bernadetha dagaa kuanzia kilemba mpaka kanga.

"Umemwona paka huyu?" bibi aliuliza, akijipangusa. "Mwite sasa tumpe na panya."

Habari ilizunguka kijiji kabla ya jua kutua. Watu walipompita Salvina kwenye mfereji wa maji walisema "miau." Yeye alipandisha ndoo yake kichwani, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Ronald.

Ronald alicheka, halafu akaona uso wa mgeni wake, akaacha. Alikuja na buti zake. Hakuanza na mbavu wala tumbo. Alichukua kijiti akafukua kinyesi cha Sista. Kilikuwa na nyuzinyuzi ndefu, kama kamba ya katani iliyofumuliwa.

"Mama, huyu hasagi. Chakula kinaingia, kinakaa, kinatoka kama kilivyoingia. Ndiyo sababu tumbo limejaa."

"Nimpe dawa ya minyoo?"

"Hapana. Sikiliza. Dagaa hukukosea, ila umempa mtu wa nyumba nyingine. Protini ni kama mkufu wa shanga. Zile shanga zinaitwa asidi amino, ziko aina ishirini hivi. Mwili unakata mkufu, unamwaga shanga, halafu unatunga upya unachotaka: nyama, maziwa, ndama, hata kwato. Kuku zipo shanga ambazo hawezi kuzitengeneza mwenyewe hata umpige. Lazima aletewe tayari, ndipo anapoletewa dagaa. Na sisi watu ni hivyo hivyo."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe ana bahati. Kwenye tumbo lake kubwa wamo vijidudu wengi ajabu, huwezi kuwaona kwa macho. Wao ndio wanaosaga majani, na wao ndio wanaotunga shanga zote, hata zile ambazo kwenye jani hazikuwamo za kutosha. Wakimaliza, wanateremka tumbo la pili na la tatu mpaka la nne, na yeye anawameng'enya wao wenyewe. Hiyo ndiyo nyama yake."

Salvina alimtazama Sista kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumbani kwake wanaishi wapangaji asiowajua.

"Yaani mle ndani mna vibarua."

"Eeh! Vibarua hasa."

"Na mimi nimekuwa nikiwapa nini?"

"Maji, mama. Mgomba karibu wote ni maji. Kibarua umempa jembe, umempa shamba, chakula hukumpa. Amelala chini ya mbuni."

"Wala simlaumu," alidakia Bibi Bernadetha kutoka mlangoni. "Enzi zetu tuliwaletea maharage. Majani yake, maganda yake, kila jioni. Hatukujua kama tunalisha vibarua, tulijua tunaumwa shingo."

"Bibi, majani ya maharage yana protini nzuri," Ronald alisema. "Hiyo ndiyo iliyopotea mlipopoteza shamba la chini."

Hivyo ndivyo ilivyo. Wazee waliuza shamba wakidhani wanauza udongo. Kumbe waliuza na chakula cha ng'ombe, na hakuna aliyeliona hilo mpaka mbavu zilipotokeza.

Ronald hakuamini katika kulilia shamba. Alimwonyesha Salvina miti ya lukina iliyoota yenyewe kando ya mfereji, ambayo watu waliifyeka kama magugu. Majani yake yana protini nyingi, alisema, ila yasizidi theluthi ya chakula, maana yakizidi yana sumu yake. Alimwonyesha marando ya viazi vitamu yaliyotupwa. Kisha akamwambia ashuke Moshi mjini, kwenye mashine ya kukamua alizeti ya Fikirini, akaombe mashudu, makapi ya mbegu yaliyobaki na protini.

Mashine hizo zilikuwa zimeota mjini kama uyoga tangu kila mtu aruhusiwe kukamua mafuta yake. Fikirini alikuwa mtu mfupi anayeng'aa mafuta hadi kwenye nyusi.

"Mashudu ninayo, mama. Lakini wafuga kuku wananigombania. Wewe una nini?"

"Nina ndizi. Mshare mzuri, wa mtori."

Fikirini aligeuka akapaza sauti juu ya ngurumo ya mashine. "Mwamvita! Yuko Mchaga hapa anataka kutulisha mtori!"

"Mshare au nini?" sauti ya mkewe ilijibu kutoka uani.

"Mshare!"

"Mpe mashudu huyo mama kabla hajabadili mawazo!"

Tangu siku hiyo Salvina alishuka na mkungu, akapanda na kiroba. Asubuhi alikata lukina, akachanganya na nyasi za kingo za mfereji na marando ya viazi. Mgomba akaupunguza, ukabaki kuwa wa maji tu. Mashudu aliyaanza kwa kiganja, akaongeza polepole kama alivyoagizwa, ili vibarua wazoee kazi mpya. Wiki za kwanza hakuna kilichobadilika ila kinyesi. Kililainika, nyuzi zikapotea. Salvina alikitazama kila asubuhi kwa furaha ambayo hakuthubutu kumweleza mtu. Halafu manyoya yakaanza kung'aa. Halafu mgongo uliochongoka ukajaa nyama.

Mwishoni mwa Novemba Sista alizaa ndama jike, naye akasimama kabla mama yake hajamaliza kumlamba. Kijijini hakuna aliyesema tena "miau."

Mkesha wa Krismasi Sylvanus alifika na gari la mizigo. Alimzunguka Sista mara mbili, akatafuta mbavu, hakuziona, na badala ya kufurahi alikunja uso kama mtu aliyefanya hesabu ikaja tofauti.

"Shemeji, umefanya kazi. Sasa nitasema ukweli. Nimejenga banda Shirimatunda. Mjini maziwa yanatafutwa kama petroli. Nimekuja kumchukua."

Bibi Bernadetha aliangusha kata. "Sylvanus! Akikonda unamchukua, akinenepa unamchukua? Nani alikufundisha?"

"Mama, mambo yamebadilika."

"Yamebadilika, ndiyo. Zamani mtu aliona haya kwanza."

Salvina alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, mkono mmoja shingoni mwa Sista. Alijua kulia kungempa shemeji nafasi ya kumbembeleza na kuondoka na ng'ombe.

"Mchukue," alisema. "Ni wako. Ila unampeleka akale nini?"

"Pumba. Na nyasi za barabarani."

"Shemeji, huyu siye anayekula unachompa. Ndani mna vibarua ndio wanaokula, na yeye anakula jasho lao. Hawa wamezoea lukina na mashudu. Ukiwapa pumba na nyasi za vumbi watagoma, na mwezi wa pili utakuwa unatundika mashati."

Dereva wa gari alicheka kwa sauti. Sylvanus alimtazama vibaya, lakini alipoinamia hori akachota konzi ya chakula na kuinusa, hakuwa tena na uso wa biashara. Salvina alimwonyesha kila kitu: lukina kiasi gani, kwa nini isizidi, mashudu yanatoka wapi, kinyesi kinasema nini. Alieleza bila kuficha, ingawa kila neno lilimrahisishia shemeji kuondoka na ng'ombe.

"Lukina inachukua muda gani kukua?" Sylvanus aliuliza hatimaye.

"Ukipanda mvua za masika zinazokuja, mwaka utakaofuata unaanza kukata."

Sylvanus alikaa juu ya gogo. Mama yake akachota mbege nyingine na kumpa. Aliinywa yote.

"Basi abaki," alisema. "Mimi nipande lukina kwanza. Huyu ndama akikua nitamhamishia kwangu. Anayefuata ni wako, Mama Evelyn. Mama amesikia."

"Nimesikia," alisema Bibi Bernadetha, "na dereva amesikia."

Salvina alichukua panga, akashuka mferejini, maana Sista alikuwa hajala mlo wa jioni. Sylvanus alimfuata na koti lake la sufi ili aone mbegu zinavyovunwa. Mzigo ulipofungwa, aliutazama, akaupandisha begani mwake mwenyewe. Zamani mwanaume wa Marangu asingebeba majani ya ng'ombe mbele za watu, na kwa hilo moja zamani ilikosea. Walipanda mteremko, yeye akihema, Salvina nyuma yake akimwambia ayashike vizuri yasidondoke.