Sina Digrii, Lakini Mazishi ya Mzee Makori Yalinisomesha

Na huyo mjomba wako aliyekuambia bila digrii huwezi kuishi kwa kuandika, mwambie aje hapa Nyaramba aniulize mimi. Niliachia shule kidato cha pili, na huu ni mwaka wa saba nakula kwa kuandika. Wateja wa mtandaoni hawajawahi kuniitisha cheti. Wanasema tu, tuma kitu umeandika tuone. Ukituma kizuri unapata kazi. Ukituma kibaya, hata ukiwa profesa hawakujibu. Asikutishe.

Lakini tulia, mwanangu. Nakuita mwanangu na bado nina umri wa kuitwa dada, nivumilie, kuna mambo yanazeesha mtu mapema. Iko kitu mjomba wako anajaribu kusema na hajui kukisema, na mimi nilikijua kwa aibu.

Nakumbuka siku tulimzika Mzee Makori. Huyo ndiye alinisomesha. Alikuwa na duka la sukari na misumari, na alikuwa ananunua magazeti ya zamani ya kufungia vitu. Nilipotoka shule nilikuwa naketi kwa gunia lake la mahindi nasoma, na hakufunga kitu na ukurasa kama sijaumaliza. Mteja angoje, sukari iko kwa mizani, Mzee anamwambia, "Ngoja kidogo, huyu msichana bado yuko katikati." Watu walimcheka. Mimi hadi leo, mtu akimsema vibaya Mzee Makori tunakosana hapo hapo.

Alipokufa, watoto wake wakanipa kazi ya kuandika wasifu wake, ule wa kusomwa mazishini. Unajua kwetu. Nyumbani tunaongea Ekegusii asubuhi hadi jioni, lakini mtu akifa tunamsomea kwa Kizungu, ndio wageni wajue hii boma ni ya watu wamesoma. Nikaona nafasi yangu ndiyo hii. Nilitaka kila mwalimu aliyeketi chini ya hema ajue msichana wa kidato cha pili anaweza. Sikuuliza mtu kitu. Nilichukua maneno mazito yote niliyookota kwa magazeti nikampangia Mzee, moja juu ya lingine kama matofali. Nilisoma mwenyewe kwa maikrofoni. Watu wakapiga makofi. Mwalimu mkuu mmoja akaniuliza nilisomea chuo gani, nikacheka, nikajiona nimefika. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi maji nilikuwa nimeshatia.

Kaburi lilipofunikwa nikaenda kumpa pole mkewe, Mama Bosibori. Alikuwa ameketi kwa kiti cha mbele, ile programu ya mazishi ameikunja mkononi. Hajui kusoma. Akaniuliza kwa Ekegusii, polepole, bila kuniangalia.

"Mwanangu, yule mtu ulikuwa unasoma ni nani?"

Nikamwambia ni Mzee.

"Nilikuwa nangoja useme kitu ninachomjua nacho. Nikangoja hadi ukakunja karatasi." Akaikunja tena ile programu. "Uliandikia walimu. Mimi ndiye nimefiwa."

Mimi ni mtu wa hasira, sikufichi. Nilienda nyumbani nikabamiza mlango, nikisema moyoni huyu mama hajakanyaga shule, ataniambia nini juu ya kuandika? Sasa sikia hayo maneno vizuri. Ni yale yale ya mjomba wako, na yalitoka kwangu.

Ilinichukua wiki nzima kurudi. Nilimkuta anachagua maharagwe kwa uteo, nikaketi chini na daftari, nikamwomba aniambie. Akaniambia venye Mzee alipanda chai mara ya kwanza karibu karibu sana, na kwa ukaidi akakataa kung'oa hata moja, hadi leo hapo hakupitiki. Akaniambia kila jioni Mzee alikuwa anamletea kurasa za magazeti zenye picha, kwa sababu maneno hayangemsaidia. Niliandika kwa Ekegusii nikamsomea. Akakataa. Hapa umeharakisha, akasema, na hapa umedanganya, Mzee hakuwa mpole hivyo. Nikaandika tena, akakataa tena. Mara ya tatu pia. Mara ya nne hakukataa. Mikono tu ndiyo iliacha maharagwe.

Lakini mazishi hayarudiwi, mwanangu. Majirani walisikia ile ingine ya Kizungu. Mzee alienda na ile ingine.

Kutoka siku hiyo nilimsomea Mama Bosibori kazi zangu zote. Hata habari za mbwa wa Wazungu, zile wateja wa mtandaoni wananiagiza, nilikuwa namtafsiria, na mahali nimebahatisha alikuwa anajua tu, anasema hapo sauti yako imekimbia. Miaka minne. Mwaka jana tukamzika. Niliandika wasifu wake kwa Ekegusii, maneno madogo, watu wakalia. Nikarudi nyumbani na sikujua kama nimeandika vizuri. Hadi sasa nikimaliza kazi mdomo unafunguka nisome, halafu nakumbuka.

Kwa hivyo sikia. Kama kwenu karo iko, enda usome, usitumie maisha yangu kama kisingizio. Hata mimi nikipita nje ya chuo na kuona vijana wakitoka darasani, roho yangu inabaki pale langoni. Natamani mwalimu anipigie mstari mwekundu kwa karatasi. Kama karo haiko, andika, usiombe mtu ruhusa. Lakini kufunzwa, hiyo huwezi kuruka. Nyani haoni kundule, na sisi tuliojifunza wenyewe ndio wabaya zaidi, kwa sababu ndani ya kichwa chako mwenyewe hakuna mtu wa kukubishia.

Mungu akupe kazi isiyokauka, alinde macho yako, na ukiandika juu ya watu wako, wakisomewa wajijue.

Sasa nijibu: ni nani hapo kwenu anaweza kukuambia umeandika upuzi, na kesho bado umpelekee ingine?