Noti za Zamani Kituoni

Muuza samaki amenirudishia chenji kwa noti zilizolegea, zenye harufu ya jasho na shombo, na nimekumbuka noti za kituo cha treni.

Nilikuwa msichana mdogo. Sisi wa asili ya mkoa wa Kasai tulikuwa tumefukuzwa mjini Kolwezi, tukalala kituoni siku nyingi tukingoja treni, katikati ya kinyesi na nzi. Jirani yetu alikuja kununua cherehani ya mama kwa noti za zamani, ambazo serikali ilikuwa imeshazifuta. Noti mpya zilichungulia mfukoni mwake.

“Kamata tu, mama. Kule kwenu Kasai bado banazitumikisha.”

“Basi zitumike hapa,” mama alisema, akampangusa nazo mdogo wangu aliyekuwa akihara, kisha akamrudishia jirani.

Jirani alizitupa relini, akabeba cherehani yetu. Hakuna aliyemzuia.