Ua Jekundu Juu ya Jiwe la Mahameni

Hili sikusimuliwa. Nilikuwepo, na mtoto mwenyewe yuko hai. Ukibisha nenda Kwamndolwa ukamtazame. Juzi mjukuu wangu kaniletea jiwe kalichora ua kwa rangi za vichupa, eti Bibi weka mlangoni lipendeze. Nikamwuliza, umelitoa wapi? Akacheka. Ndiyo maana naandika, kwa mwandiko wangu huu wa kisomo cha watu wazima.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Sisi tulitoka ndani huko, upande wa Handeni. Kwetu mtu hahami bila kuyaaga makaburi. Unafagia, unamwaga maji, unawaambia walio chini kwamba mnakwenda mahali fulani. Siku ile nani angetupa nafasi? Lori limesimama, dereva anapiga honi. Tukaondoka kimya kama wezi, tukamwagwa kando ya barabara na vyungu vyetu.

Nilikaa na mama mkwe na wifi yangu Zaina, dada wa mume wangu, aliyekuwa na mtoto anayenyonya, Hatibu. Mumewe na wangu walikuwa wakikata mkonge Korogwe. Zaina alikuwa na mkono wa kupamba. Kuta alizipaka chokaa na udongo mwekundu mpaka wapita njia wakasimama.

Basi mwenyekiti akatangaza wageni wanakuja kutoka wilayani, kila nyumba iweke jiwe la kupendeza kando ya njia. Kulikuwa na rangi iliyobaki baada ya kupaka milango ya zahanati, nyeupe, nyekundu na kijani kidogo. Mawe ya pale yalikuwa makali, hayashiki rangi. Zaina akapenya kwenda mahameni, kule tulikohama, akarudi na jiwe kichwani, laini, kama limesuguliwa na mtu kwa miaka.

Na lilisuguliwa kweli.

Watu hudhani vitu hivi huja usiku. Huyu alikuja adhuhuri, jua utosini, mimi nachambua mboga, Zaina anamalizia jani la mwisho la ua. Na usiniulize kama alikuwa na kivuli. Saa ile hata mimi sikuwa nacho. Mwanamke mtu mzima, kaniki kuukuu, udongo mwekundu mpaka viwikoni. Hakupiga hodi. Tukamwamkia shikamoo, hakuitika. Akainama, akapitisha kiganja juu ya rangi mbichi. Niamini, ua halikuvurugika, na kiganja kilitoka kikavu.

“Umempaka nini usoni mwanangu?”

Zaina alikuwa na mdomo. “Mwanao jiwe? Pole bibi, ulizaa kigumu. Ngoja nimalize, nikupake na wewe shavuni uolewe tena.”

Nilicheka. Nani asingecheka?

Yule hakucheka. “Kila adhuhuri namfuta uso mwanangu. Leo nimemkuta sura si yake. Mrudishe alikolala. Usipomrudisha, nitamfuta huyu.” Akamwangalia Hatibu kwenye mkeka.

Nikageuka kumchukua mtoto. Kutazama tena, hayupo. Uwanja mtupu, miti yote imekatwa, angejificha wapi? Na nilikuwa nimetoka kufagia. Mistari ya ufagio ilikuwa mizima, haina unyayo wake hata mmoja.

Mama mkwe aliporudi na kuni tukamweleza. Akauliza neno moja tu.

“Jiwe umelitoa chini ya mnyaa, ule mti wa makaburini?”

“Ndiyo, mama.”

Akaketi vumbini. “Huyo ni mke mwenzangu. Alifiwa na mwanawe wa pekee kabla wewe hujazaliwa. Jiwe hilo ndilo alilomwekea kichwani kaburini. Kila adhuhuri alikwenda kulifuta kwa upindo wa kaniki, mpaka naye akafa. Lirudishe leo hii.”

“Mama, mgambo wako njiani. Wanaorudi mahameni wanawekwa ndani. Nikikamatwa Hatibu atanyonya nini? Kesho wageni wakiondoka nitalirudisha, wallahi.”

“Nipe nilibebe mimi,” nikamwambia.

“Ukamatwe wewe, wifi, kaka anisute mimi? Kesho.”

Kesho yake wageni walifika adhuhuri. Wakasimama mbele ya jiwe letu, wakapiga makofi. Hatibu nilikuwa nimempakata mimi. Ghafla akainua uso, akafumba macho. Nikaona shavu lake la kulia linavutwa, kisha la kushoto, kisha paji, vile ngozi inavyokwenda mama anapomfuta mtoto kwa nguo. Mkono sikuuona. Alipofumbua macho, usoni pamebaki vumbi jekundu.

Nikapiga kelele. Zaina akaja mbio, akampokea, akampa ziwa. Mtoto akamtazama kama anavyotazamwa mgeni wa njiani, akageuza kichwa, akalia.

Wageni walipoondoka, mgambo wakiwasindikiza, tukakimbia na jiwe. Tulilisugua kwa mafuta ya taa na mchanga, ua halikutoka. Kule mahameni trekta lilikuwa limepita asubuhi ile, mnyaa umeng'olewa, makaburi yote yamekuwa matuta. Mama mkwe akazunguka akimwita mwenzake mpaka sauti ikakauka. Mwisho tukaliweka tu. Mahali hapakuwa penyewe, na tulijua.

Hatibu hakunyonya tena, alikua kwa uji. Alipojua kusema alituita sote, mimi, bibi yake, hata mbuzi. Zaina hakumwita mama. Alimwita “yule”. Zaina alikufa akilisubiri neno hilo.

Sasa Hatibu ana mvi. Ikifika adhuhuri huacha jembe, husimama uwanjani, hufumba macho na kuinua uso. Kisha hutabasamu, huenda kunawa, na maji hutoka mekundu.

Basi wewe unayeokota mawe ukayapake maua, jua kwanza umeyaokota juu ya nani. Mjukuu wangu nimemwambia alibebe jiwe lake, tutazunguka naye mpaka apakumbuke alipolitoa. Analalamika jua ni kali. Mimi simsikilizi. Mgongoni ana mwanawe mchanga, na adhuhuri haiko mbali.