Kiti cha Nyakerario

Tangu siku alipokwenda kumposa Drusilla, Ombati, mchongaji wa mawe wa Tabaka, alimwogopa mama mkwe wake. Si kwa ubaya, la. Nyakerario wa Magwagwa alikuwa mwanamke wa kuogopwa. Alichuma chai kwa mikono yote miwili huku akipiga soga, na bado kikapu chake kilijaa mapema kuliko vya wenzake. Kuketi mchana hakukujua kabisa.

Basi mgongo ukaanza kumsumbua, maumivu yakamshuka miguuni. Ombati akakodi gari, akampeleka kwenye kliniki moja ya kibinafsi. Daktari Ombok, kijana mpole kutoka upande wa ziwa, hakujua Kikisii, na Kiswahili cha mama kilikuwa cha kuokoteza sokoni. Ombati akaitwa atafsiri. Akautafsiri mgongo, akaitafsiri miguu. Halafu mama akamwonyesha mlango kwa kidevu.

Ombati hakungoja kuambiwa mara mbili. Ilikuwa chinsoni, ile heshima ya Wakisii inayomkataza mama kutaja sehemu fulani za mwili mbele ya mkwe wake. Akatoka mbio. Kule nje aliona muuguzi akiingiza kiti chenye mto, wala hakukitilia maanani.

Alichotaka kusema mama ni kwamba makalio yake yalikuwa yamekufa ganzi. Jamani, kuna daktari anayesikia hivyo akalala? Ni ishara kwamba mishipa ya fahamu imebanwa kwenye uti wa mgongo. Mgonjwa hukimbizwa hospitali kubwa siku iyo hiyo. Mama alidungwa sindano ya maumivu, akaambiwa aende nyumbani apumzike. Apumzike! Muda si muda mkojo ukawa unamtoka bila yeye kujua. Alipopasuliwa huko Kisumu, mishipa ilikuwa imebanwa mno. Siku hizi anatembea kwa magongo, na mkojo haujarudi chini ya amri yake.

Familia ikaishtaki kliniki. Upande wa kliniki ukajibu kwamba mama alilalamikia mgongo tu. Habari za ganzi, wakadai, alizitunga baadaye. Hilo lilimkata maini kuliko ugonjwa wenyewe, kwa sababu hata yeye alianza kujitilia shaka. Kila mara alimuuliza Drusilla: je, alisema kweli siku ile, ama chinsoni ilimfunga mdomo?

Siku ya kesi, wakili wao, Pam Okoth, alimwomba mama aeleze alichomwambia daktari. Ombati, aliyekuwa kwenye benchi la nyuma, akainuka atoke nje kama adabu inavyotaka.

"Kaa, mkwe wangu," mama akasema. "Siku ile nilikutoa nje. Leo utasikia."

Na akasema. Mbele ya mkwe wake, mbele ya wazee wa kanisa lake la Sabato, Nyakerario aliyataja makalio yake bila kupepesa macho. Maisha yake yote Ombati ameshinda akipambana na mawe, lakini kitu imara namna ile hakuwa amekiona. Mama akamalizia kwa kurudia maneno yake ya Kiswahili cha sokoni: "Nilimwambia, nikikaa, kiti hakuna." Watu wakacheka kichinichini. Pam hakucheka.

Zamu ya Daktari Ombok ikafika. Kwa kuwa mashahidi husubiri nje, hakuwa amesikia lolote. Pam aliachana na ganzi kabisa, akamuuliza kama mgonjwa huyu alizungumzia kiti.

"Ndiyo, nakumbuka," Ombok akajibu upesi, kama mtu aliyefurahi kusaidia. "Alisema hakuna kiti. Nikamwambia muuguzi amletee kizuri."

"Alipokwambia hivyo alikuwa amesimama?"

Ombok akageuka. Akamtazama mama na magongo yake, akatazama sakafu. Angeweza kusema amesahau, na nani angembishia?

"Hapana," akasema polepole. "Alikuwa ameketi kitini."

Ombati alikumbuka kile kiti chenye mto kikipita mbele yake. Hukumu ilikuwa bado, lakini Nyakerario hakuwa akimwangalia hakimu tena. Alikuwa amegeuka kumtafuta mkwe wake, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

"Kumbe nilisema," akamwambia.