Sahani Tano za Buterere

Nilirudi Bujumbura vita vikiendelea, nikiwa na diploma ya takwimu niliyoisomea Tanzania kwa jasho langu. Ada niliilipa kwa kubeba mizigo bandarini Kigoma. Hakuna mjomba wala padri aliyenishika mkono. Darasani hakuna aliyenishinda hesabu, na nilihakikisha kila mtu wa Kinanira, nilikopanga chumba, analijua hilo.

Ofisi moja iliyokuwa ikilinganisha maisha na chakula cha familia za Kigoma, Uvira na Bujumbura ilinichukua siku ileile niliyopeleka cheti. Upande wa Kigoma niliumaliza mwenyewe. Kule akina mama walinijibu wakicheka, wakaniita mwanangu, wakanipimia hadi dagaa ambao sikuwaulizia. Nikadhani Buterere, mtaa wa Bujumbura niliopangiwa, itakuwa kazi ya asubuhi moja.

Mkuu wa mtaa alinifuata nyumba kwa nyumba. Bila yeye nisingepita, kwa sababu Kiswahili changu cha Kigoma kilitosha kufanya nishukiwe: waasi walisemekana kutokea upande huo. Kwapani alibana daftari la majina ya wakazi. Aliyekutwa amelaza mtu asiyeandikwa humo alichukuliwa na wanajeshi pamoja na mgeni wake, na wengine hawakurudi.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya mama mjane, ukingoni mwa mashamba ya mpunga. Mkuu alibaki njiani akizungumza na mtu wa baiskeli. Mama alijibu vizuri. Nilipouliza kuhusu nyama, alisema, "Andika tunaijua harufu yake. Jirani akipika." Nikapima unga wa muhogo aliotenga kwa ugali, wanaouita bugari, wa siku ile. Kisha nikasoma swali kama lilivyochapwa: jana walilala hapa watu wangapi?

"Watatu," alisema. "Mimi na watoto wangu wawili."

Hapo elimu yangu ikaniponza. Tulifundishwa kuhakiki jibu kwa macho. Nikahesabu vyombo vilivyoanikwa, nikasema kwa sauti ya mtu aliyefaulu, "Mama, mbona sahani tano, na zote zina maji bado?"

Aliangalia mlango wa chumba cha ndani, mara moja tu, halafu akaangalia miguu yangu. Pazia lilitikisika, na upepo haukuwapo. Nikaelewa: kulikuwa na wawili mle, huenda waliokimbia mapigano milimani. Njiani, mazungumzo yalikuwa yamekatika.

"Sahani ngapi?" mkuu aliuliza, akiingia uani. Daftari lilikuwa tayari mkononi.

Nikafungua ukurasa wa vyombo vya nyumbani, nikaandika "tano" na kumwonyesha kwa kidole: sufuria, ndoo, sahani. "Tano, mkuu. Tunaandika mali. Nyumba ya kwanza ulinisikia nikiuliza ndoo."

Alisoma taratibu. Akamtaka mama aeleze kwa nini zote zimelowa.

"Mutu wa diploma anakuja kwangu, nimuonyeshe sahani chafu?" mama alisema. "Shefu, muke wako angekubali?"

Mkuu hakucheka. Alisimama akilitazama pazia, na mimi nikaandika "tano" mara ya pili juu ya ile ya kwanza. Kisha mtu wa baiskeli alipiga kengele, mkuu akageuka, akanitangulia kwenda nyumba ya nne. Mama hakuniaga.

Kesho yake ofisini msimamizi wangu alisimamisha kalamu kwenye fomu ya mama yule. "Unga huu ni mwingi kwa watu watatu," alisema. "Ama umekosea, ama Buterere wanakula kuliko Kigoma."

Ningesema nimekosea, ningerudishwa kuhesabu upya, na mkuu nyuma yangu.

"Sikosei hesabu," nilisema. "Wanakula vizuri."

Akaandika. Katika jedwali la mwisho, la chakula kwa kila mtu, familia ile ilikaa juu ya familia zote za Kigoma nilizopima kwa mkono huuhuu, zile zilizonipimia dagaa.